Mayai trei 8 kwa siku na wateja wa kuuliza bei tu: nimuuzie nani?

*"Nafuga kuku wa mayai 300 Chanika, Dar es Salaam. Walianza kutaga kama miezi miwili iliyopita na sasa naokota trei 8 kwa siku. Chakula nanunua mfuko wa kilo 50 kwa shilingi 55,000. Dalali anafuata nyumbani kwa 7,000 trei, wakati maduka yananunua kwa 8,500. Nimefungua ukurasa wa Instagram na nimelipia tangazo mara mbili. Watu wanauliza bei, nikiwatajia wanakaa kimya, au wako Tegeta na wanataka trei moja. Wenye vibanda vya chipsi niliowapelekea wamenikopa, na mmoja kahama na trei zangu 6. Kila mtu anakula mayai, kwa nini mimi sipati wateja? Nishushe bei? Mume wangu anasema tuongeze kuku wengine 300 ndipo tutaona faida."*

Dada yangu, pole kwa zile trei 6. Tuanze na bei, maana hapo ndipo wafugaji wengi wanapojimaliza wenyewe, kisha twende kwa wateja.

Usishushe bei. Chukua kalamu tupige hesabu ya trei moja. Kuku wa mayai aliyekomaa anakula gramu 110 hadi 120 kwa siku, kwa hiyo kuku 300 wanamaliza kama kilo 36. Kwa bei ya mfuko wako kilo moja ni 1,100, yaani kila kukicha wanakula 39,600. Gawanya kwa trei 8 unapata 4,950, na hicho ni chakula peke yake. Kuku mwenyewe naye anachakaa: ikiwa kumlea mpaka atage kulikugharimu 16,000, na akichoka utamuuza 9,000, hiyo 7,000 inayopotea lazima ilipwe na mayai yake, ambayo kwa mwaka mzima wa kutaga ni kama trei 10. Andika 700. Kijana wa bandani akilipwa 120,000 kwa mwezi, andika 500. Chanjo, dawa, maranda, maji, umeme na trei za karatasi, tuseme 250. Jumla ni 6,400. Nimekisia baadhi ya namba hizi, kwa hiyo weka za kwako, lakini usiruke mstari hata mmoja.

Kwa 7,000 ya dalali, basi, unabaki na 600 kwa trei, kama 144,000 kwa mwezi. Ukishusha bei kwa 500 tu ili uvutie watu, unabaki na 100, na utakuwa unawafanyia kuku kazi. Isitoshe, aliyekuja kwa sababu umeshusha 500 ataondoka siku jirani yako akishusha 200.

Nimtetee dalali kidogo. Hiyo tofauti ya 1,500 kati yake na duka haiingii yote mfukoni mwake. Analipa usafiri, anabeba hasara ya mayai yanayopasuka, anakopesha maduka, na anakuja hata siku ambayo soko limelala. Ukitaka tofauti hiyo iwe yako, kazi hizo nazo zinakuwa zako. Ndiyo maana swali la nani umuuzie linafungamana na swali la utamfikishiaje.

Sasa hilo la kila mtu anakula mayai. Ni kweli, na ndilo linalokupoteza. Kuku hawajui sikukuu wala mwisho wa mwezi. Wanakupa trei 8 leo, 8 kesho, 56 kwa wiki, unajisikia usijisikie. Familia ya watu watano inamaliza trei moja kwa wiki moja au hata wiki mbili. Ili familia zimalize mayai yako unahitaji nyumba 60 hadi 100, kila moja na simu yake, eneo lake na "nitumie kesho" yake. Mtu wa Tegeta anayetaka trei moja si mtu mbaya, ila nauli ya boda kutoka Chanika inazidi bei ya trei yenyewe. Ukimtajia bei na nauli ananyamaza. Usilichukulie kimya chake kama dalili kwamba mayai yako ni ghali.

Mteja anayekufaa ana mambo manne. Anatumia mayai kila siku au karibu kila siku. Anarudi bila kubembelezwa. Yuko kwenye barabara moja na wengine unaowapelekea. Na pesa yake inafika kabla hujanunua mfuko mwingine wa chakula. Bei anayokulipa inakuja baada ya hayo. Anayelipa 9,000 mara moja kwa mwezi hakusaidii kama anayelipa 8,000 kila baada ya siku mbili.

Kwa kipimo hicho, kundi la kwanza ni hao hao wa chipsi ambao wamekuumiza. Sahani moja ya chipsi mayai, au zege kama vijana wanavyoiita, inakula mayai mawili, kwa hiyo trei moja inatoa sahani 15. Kibanda kinachouza zege 30 kwa usiku kinamaliza trei 2. Watano wa namna hiyo wanamaliza mzigo wako wote na kuuzidi. Kosa halikuwa kuwauzia chipsi. Uliwapelekea bila kuwachagua na bila utaratibu wa malipo, na hilo tutalirekebisha.

Kuchagua kunafanyika usiku. Mchana kila kibanda kinafanana. Nenda saa 2 hadi saa 4 usiku kwenye barabara yako, kuanzia Chanika kuelekea Pugu na Gongo la Mboto, na uangalie chini ya meza au nyuma ya jiko. Mwenye chipsi anarundika trei tupu hapo hapo. Zihesabu. Ukikuta tatu usiku wa Jumanne, huyo ni mteja. Ukikuta moja yenye mayai nusu na foleni hakuna, mpite hata kama anakuchangamkia. Tazama pia kama ana friza au meza ya kudumu, kama majirani wanamjua, kama ana msaidizi. Anayepanga eneo kwa siku, na jiko lake linabebeka kwenye toroli, ndiye anayeweza kuhama na trei zako. Rudi usiku mwingine wa katikati ya wiki uhakikishe, kwa sababu Ijumaa na Jumamosi zinadanganya.

Ukishachagua, usimwendee na swali la "utachukua mayai kwangu?" Kwa adabu zetu atakuambia "sawa dada, acha namba, nitakupigia," na hapo ndipo patakapoishia. Hajakudanganya, ni namna ya kumwondoa mtu bila kumwaibisha. Muulize yaliyokwisha kutokea: mayai ya jana ulichukua kwa nani? Anakuletea siku zipi? Mara ya mwisho kukukosesha ilikuwa lini, na ulifanyaje? Katika trei moja yanapasuka mangapi? Mwache azungumze. Wengi watakutajia mambo ambayo hayahusu bei kabisa: muuzaji anayepotea Jumamosi, mayai yenye nyufa, trei yenye mchanganyiko wa makubwa na madogo. Huyo aliyelalamika kwamba Jumamosi anakosa mayai amekupa mlango. Mhakikishie mayai ya Jumamosi.

Kundi la pili linasahaulika, nalo kwa sasa linakufaa kuliko unavyodhani: wauza mayai ya kuchemsha. Wale wenye ndoo, chumvi na kachumbari kwenye vituo vya daladala na kwenye mabaa. Mmoja anaweza kumaliza trei moja hadi mbili kwa siku, na wengi wananunua kwa pesa taslimu kwa sababu na wao wanauza kwa pesa taslimu. Anauza kwa yai moja moja, kwa hiyo yai dogo halimsumbui ikiwa trei imepunguzwa kidogo bei. Kuku wako ni wapya, bado kuna mayai madogo. Usiyachanganye na makubwa ukamuuzia mwenye duka, atakulalamikia. Yatenge, yawe ya huyu.

Kuna jambo jingine la huyu muuzaji ambalo wafugaji hawalijui. Yai la leo likichemshwa halimenyeki vizuri, ganda linaondoka na nyama yake na yai linaonekana limeliwa na panya. Yai lililokaa siku tano hadi saba linamenyeka safi. Kwa hiyo yale unayoona yamekuchachia stoo, ya wiki iliyopita, yana mwenyewe, mradi yamekaa sehemu ya baridi yenye kivuli, hayakuoshwa, na yamepangwa ncha iliyochongoka ikiwa chini. Asichokitaka kabisa ni ganda jembamba linalopasukia sufuriani. Ukiona maganda laini yanaongezeka, kagua chokaa ya mifugo kwenye chakula kabla hujampoteza.

Maduka ya jirani yana nafasi yake, hasa yale unayoyafikia kwa miguu. Duka linalouza yai 350 linapata 10,500 kwa trei, kwa hiyo linaweza kukulipa 8,500 na likabaki na 2,000. Ila linamaliza trei moja kwa siku mbili au tatu, na wengi wanataka kulipa baada ya kuuza. Matatu au manne ya mtaani yanatosha. Waoka keki wa nyumbani ni wazuri mwezi wa 12 na misimu ya harusi, hawatabiriki miezi mingine. Hoteli ziache kwanza. Zinataka risiti ya EFD (ile ya mashine ya kodi), na kwa kawaida zinalipa baada ya siku 30 au zaidi. Trei 3 kwa siku kwa siku 30 kwa bei ya 8,000 ni 720,000 iliyokaa kwa mtu mwingine, na ndani ya siku hizo hizo kuku wamekula chakula cha karibu milioni 1.2. Utakuwa na mteja mwenye jina na kuku wenye njaa.

Usafiri ndio unaoamua kama haya yote yana faida. Tuseme boda anataka 5,000 kwa mzunguko wa Chanika hadi Gongo la Mboto. Ukimpa trei 8 kila siku, kila trei inabeba 625. Umeuza 8,000, umebaki na 7,375, yaani umemzidi dalali kwa 375 tu, na umepoteza asubuhi yako. Watu wengi wanaacha kuuza wenyewe kwa sababu hii bila kujua ni hii. Lakini mayai yanatunzika. Peleka kila baada ya siku mbili, trei 16 kwa safari moja, zikiwa zimefungwa vizuri kwenye kreti (ni kama kilo 26, boda mzoefu anazimudu). Hapo kila trei inabeba 312, unabaki na 7,688, na faida yako kwa trei inatoka 600 kwenda karibu 1,300. Kuku ni wale wale.

Chagua siku zako na uzitangaze: mfano Jumatatu, Jumatano, Ijumaa na Jumapili asubuhi, kabla ya saa 4. Usizibadilishe. Mwenye chipsi akijua kwamba Jumatano saa 3 upo, hatampokea mwingine aliyepita Jumanne jioni. Kwa kweli hiyo ndiyo bidhaa unayomuuzia, kwa sababu mayai anayapata popote. Na trei za karatasi zilizokwisha kutumika usizirudishe bandani kwako, hata bure. Zimepita kwa wafugaji wengine, na ugonjwa wa mdondo (Newcastle) unasafiri kwa njia kama hizo. Za plastiki zioshe na kuzitia dawa kabla hazijavuka geti.

Sasa deni. Kukataa mkopo moja kwa moja kutakufungia nusu ya soko, kwa sababu mwenye kibanda anayetumia trei 2 kwa siku hana 32,000 ya kununua trei 4 kwa mpigo kila asubuhi. Mpe utaratibu huu: katika trei 4, mbili analipia hapo hapo, mbili atalipia safari ijayo kabla hujashusha mzigo mpya. Deni la mtu halizidi trei mbili. Akikwama kulipa, unamwachia zile tu anazolipia siku hiyo, kwa maneno mazuri, bila kugombana. Kwa wateja wanne, kilichoko nje wakati wowote ni trei 8, yaani 64,000. Ukitapeliwa na mmoja umepoteza 16,000, si trei 6. Mteja mpya alipe taslimu safari nne za mwanzo. Weka daftari lenye tarehe, idadi, kilicholipwa na sahihi yake, na malipo ya simu yapite kwenye namba moja ili yaonekane. Kwa yule aliyehama, kama unajua alikohamia, nenda na mtu wa serikali ya mtaa ukaombe mlipane kidogo kidogo. Kama hujui, usitumie nauli kubwa kuliko deni.

Na usimpe mtu mmoja zaidi ya theluthi ya mayai yako, hata akikuomba yote. Siku akifunga kibanda, trei 8 za kesho zitatoka kama kawaida.

Hapo ndipo dalali anaporudi. Usimfukuze. Muuzie trei moja au mbili kila anapopita, umweke karibu, kwa sababu kuna majira ambayo chipsi zinalala. Mwezi wa Ramadhani vibanda vya mchana vingi vinafungwa au vinauza kidogo. Vyuo na shule zikifunga, vibanda vilivyo jirani navyo vinakufa ghafla. Muulize kila mteja wako mapema: "kipindi hicho unachukua ngapi?" Jibu lake liandike kwenye lile daftari.

Instagram usiifute, ila acha kuilipia. Tangazo linafika kwa watu wengi walio mbali, na bidhaa ya 8,000 haiwezi kubeba nauli ya jiji zima. Mtandao utakufaa kwa jambo moja: oda za kikundi. Tafuta mtu mmoja kwenye shule, zahanati au ofisi iliyo kwenye barabara yako, akusanye oda za wenzake kwenye kundi la WhatsApp wiki ya mshahara. Oda ikifika trei 10, yeye apate moja bure. Inakugharimu 6,400 kwa kuuza trei 10 sehemu moja, kwa bei karibu na ya rejareja, pesa mkononi. Mara moja au mbili kwa mwezi inatosha, na mayai yake yatoke kwenye yale ya dalali.

Kuhusu kuku wengine 300, mwambie shemeji asubiri. Vifaranga wa leo watataga baada ya wiki 18 hadi 20, na muda wote huo wanakula bila kulipa. Wakianza kutaga utakuwa na trei 16 kwa siku na wateja wa trei 8, na dalali atajua umebanwa. Kipimo kiwe hiki: kama kwa wiki 8 mfululizo umeuza robo tatu ya mayai yako kwa wateja wa kudumu, hakuna deni lililozidi trei mbili, na kuna watu wanaoomba ukawakosesha, agiza vifaranga. Tena anza na 150.

Mwisho kuna kitu kwenye barua yako ambacho hukukiuliza. Kuku waliokwisha kutaga miezi miwili wako kwenye kilele chao, na wakitunzwa vizuri wanafika asilimia 90 na zaidi. Wewe unapata mayai 240 kwa kuku 300, ni asilimia 80. Kama wote 300 bado wako hai, kuna trei moja kila siku inayopotelea bandani. Hata kwa bei ya dalali hiyo ni 210,000 kwa mwezi, zaidi ya faida yako yote ya sasa. Huenda ni mwanga (wanahitaji kama saa 15 hadi 16 kwa siku, na jua letu linatoa 12), huenda ni chakula hafifu, maji machache, minyoo, au kuku wanaokula mayai. Hilo halitatuliwi kwa barua. Mwite afisa mifugo wa kata aje aone banda, apime baadhi ya kuku kwa mzani na kusoma lebo ya chakula. Mwambie pia dawa zote ulizotumia mwezi huu, na umuulize kila moja inataka usubiri siku ngapi kabla ya kuuza mayai, maana dawa nyingine hazitakiwi kabisa kwa kuku wanaotaga. Akija mapema wiki hii, utajua kabla ya safari yako ya kwanza kama unagawa trei 8 au 9.